Mkono wa Kumi na Tisa

Mwalimu Helve ametaka insha:
haki ni nini? Kurasa mbili, wino wa bluu,
na msiandike pambizoni.
Nimeandika jina langu, Leelo, na tarehe.
Pambizo bado nyeupe, kama uwanja wa shule
asubuhi kabla hajapita mtu.

Nianze na glavu, kwa kuwa zilikuwa zangu.
Bibi alizifumia kisiwani Muhu, rangi ya chungwa,
na maua madogo kuzunguka kifundo.
Zilipotea Jumanne, chumba cha makoti.
Alhamisi zilionekana mikononi mwa Raigo, kituo cha basi,
Tartu ikiwa nyuzi kumi na nane chini ya sifuri,
mto umeganda, bata wanatembea juu yake
kama wenye nyumba waliofungiwa nje.

Hakuzificha. Hilo ndilo lililotuudhi.
Mwizi mwenye adabu huficha.

Darasa likakaa. Raigo kasimama ubaoni,
mikono kaibana kwapani.
Nilidhani ni kiburi.
Swali: aende nasi Riga, au abaki?
"Nyoosheni mikono," akasema Urve, kiranja wetu,
"tufanye kwa haki."

Nimeona jinsi mikono inavyoota.
Wa kwanza ni wa aliyekwisha kuamua nyumbani.
Wa pili, wa rafiki yake.
Kuanzia wa tatu si mikono tena, ni miayo:
mmoja akipiga, jirani hawezi kujizuia.
Ilipofika kumi na minane wakanigeukia mimi, mwenye mali.
Macho yao yalikuwa na joto. Nakiri, yalinipendeza.
Hakuna aliyenisukuma.
Naandika kwa wino wa bluu: hakuna aliyenisukuma.
Nikainua wangu, wa kumi na tisa,
na mfukoni mwa koti langu
mlikuwa na glavu nyingine. Jozi nzima. Za ngozi.

Wawili hawakunyoosha.
Mmoja alikuwa amesinzia.
Wa pili, Taavet, alisema, "Mu-mu-muulizeni mikono yake."
Tukacheka. Tulicheka ile mu-mu,
sentensi yenyewe ikapita katikati yetu bila kubishiwa hodi.

Wengi wape. Tulipewa.
Tulichopata ni kiti kitupu ndani ya basi,
na njia nzima mpaka Riga
kila mtu alikiwekea begi lake.

Raigo husambaza magazeti.
Sikuambiwa na mtu; niliteremka ngazi mapema siku moja,
nikamkuta anasukuma gazeti la baba kwenye tundu la mlango,
vidole vimepasuka kama rangi ya dirisha la zamani.
Mwaka mzima nilisikia kile kifuniko kikigonga saa kumi na nusu alfajiri,
nikageukia upande wa pili, nikalala.

Wizi ni wizi. Sijasema si wizi.
Urve atasoma hapa aseme nimelainika,
na huenda ana haki, kila mtu darasani ana haki,
tuna haki mpaka imezidi, imemwagika chini ya madawati,
na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mtu swali.
Wanasema haki hufungwa kitambaa machoni.
Sisi hatukufungwa. Tulikuwa tunatazamana.

Glavu alizirudisha zimefuliwa.
Ua moja lilikuwa limefumuka tangu mwaka juzi;
amelishona kwa uzi wa kijivu,
vibaya, kwa subira.
Siwezi kuzivaa. Siwezi kumwambia bibi.

Jana niliamka kabla ya kifuniko.
Nikafika mlangoni nazo, miguu mitupu juu ya sakafu.
Hatua zake zikapanda ngazi.
Nikawaza: jirani akichungulia? Urve akisikia?
Gazeti likaanguka juu ya vidole vya miguu yangu,
limeleta baridi yote ya nje.
Hatua zikashuka.

Mwalimu, kurasa mbili zimejaa
na sijajibu swali.
Haya ya mwisho naandika pambizoni:
kesho kuna gazeti tena.