Meza

Shuleni Lewiston, darasa la tatu,
Nsimire hafungui kinywa.
Kiingereza kinamkwama kama mwiba wa samaki,
na wenzake, wakichoka kumsubiri,
huhesabu vigae vya dari.

Mwalimu Pelletier akampa tableti:
Taja vitu vitano kwa Kihispania,
jirekodi. Ukikosea, futa.
Hakuna atakayejua.

Usiku, theluji ikijaa dirishani,
namsikia bafuni, mlango kaubana,
uwazi wa chini kauziba kwa taulo.
Anasema. Anafuta. Anasema tena.
Mara kumi na moja, nimehesabu,
nami nachelewa zamu,
mashuka ya hospitali yananingoja.

Kisha kicheko.
“Mama! Meza yao ni meza yetu!
Wao wanasema mesa!”
Nikamwambia asinitanie.
Akabonyeza. Sauti yake ikatoka kwenye kioo,
a ni a, e ni e,
kila irabu imekaa pahali pake
kama tulivyoziacha Bukavu.

Kesho yake mwalimu akaiwasha mbele ya darasa zima.
Hakutaja jina.
Mimi ningemkasirikia; ahadi ni ahadi.
Lakini yule Thibodeau wa dawati la nyuma,
mtoto wa fundi bomba,
alimfuata wakati wa chakula, akauliza polepole:
Ile ya kwanza, unaitamkaje?

Nsimire akagonga mbao kwa kidole,
akamjibu kwa sauti.
Meza, au mesa.
Nimemuuliza mara mbili.
Hakumbuki alisema ipi.