Ishirini na Saba

Saa nane ya usiku, Mabatini.
Nyumba yetu imekaa juu ya jiwe
kama kuku juu ya yai lisilo lake.
Kule ziwani wavua dagaa wamewasha taa zao,
nami nimewasha yangu ya sola, yenye ufa,
nikafungua daftari la mirathi:
amekufa mtu, ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama.

Ustadha Mayasa huanza hivyo kila darsa,
amekufa mtu, amekufa mtu,
mpaka Zubeda wangu, mwenye miaka minne,
akaniuliza: huyo mtu hachoki?

Thumuni ya mke. Theluthi mbili za mabinti.
Sudusi ya baba, sudusi ya mama.
Asili ya hesabu, ishirini na nne.
Nikajumlisha: tatu, kumi na sita, nne, nne.
Nikajumlisha kwa vidole, kisha kwa punje za maharage.
Ishirini na saba.
Mali haiwatoshi warithi.

Nikacheka peke yangu, khanga mdomoni,
maana hesabu hii naijua bila daftari.
Siku yangu nayo asili yake ni ishirini na nne.
Nyamizi na Zubeda wana kumi na sita,
na usingizi wangu umo humo humo.
Mama mkwe, aliyeletwa kutoka Ukerewe na mguu wa kisukari,
nne: kidonda, maji ya moto, na visa vya majirani waliokwishakufa.
Baba yangu, kule Igogo, macho yamemtoka nuru,
nne: asomewe gazeti la juzi, abishane nalo.
Kisha kitabu, thumuni yake, saa tatu tu,
kuanzia sasa hadi adhana.

Na Hamduni?
Hamduni ni fundi wa injini kwenye kivuko cha Kamanga.
Yeye ni asaba, huchukua kilichobaki.
Hakijabaki kitu.
Hajawahi kudai, na hilo ndilo linalonitisha.

Ningeacha. Lakini mwaka juzi
Mama Sikudhani, muuza dagaa wa Mwaloni, alifiwa,
na siku ya arobaini mashemeji wakaja na mkokoteni:
godoro, cherehani,
hata sufuria, maharage yakiwa yanachemka ndani.
Akanijia. "Wewe unasoma Kiarabu. Kitabu kinasemaje?"
Nilijua kukisoma. Sikujua kinasemaje.
Wengine huitwa kwa ndoto.
Mimi niliitwa kwa sufuria.

Alhamisi, darsani, nikauliza:
Ustadha, zikizidi, tumtoe nani?
Akasema, hatolewi mtu.
Ishirini na nne ifanye ishirini na saba,
kila mmoja apungukiwe kidogo,
thumuni ya mke iwe moja ya tisa.
Hiyo ndiyo auli.
Akafuta ubao kwa kiganja, basi.

Nani atamwambia Zubeda apungukiwe kidogo?
Jana alisinzia kizingitini na kiatu kimoja,
akingoja nimfunge cha pili.
Na kidonda je, kinajua auli?

Usiku huo Hamduni alirudi kabla ya adhana,
akanikuta nimelala juu ya ukurasa.
Hakuniamsha.
Nilipozinduka mguu wa mama yake ulikuwa umefungwa bandeji mpya,
fundo lake kubwa kama la kamba ya kivuko,
chai imepoa kando ya kiwiko changu,
na chini ya hesabu, kwa penseli,
mwandiko wa mtu aliyezoea spana:
*Mbona sipo?*

Sijui kama ni utani.
Asaba hana fungu la kuandikwa, hata Nyamizi sasa anajua.
Nimeikata saba, nimeandika nane.
Ishirini na nane.
Ni kosa, Ustadha ataizungushia wino mwekundu
na kuniuliza mbele ya wenzangu nimeitoa wapi.

Nimeiacha hivyo hivyo.
Harufu ya dizeli bado iko kwenye karatasi.