Mitumba ya Jeshi

Kwa Urho Kettunen, nyuma ya kituo cha mafuta Sodankylä,
glavu za jeshi huuzwa kwa kilo, kama viazi.
Anafunua pipa, na harufu inatangulia kutoka:
dawa ya nondo, mafuta ya bunduki, kondoo aliyelowa.
"Chagua," anasema, na kurudia kahawa yake.

Mchagua nazi hupata koroma. Najua.
Lakini nje ni nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri,
na kesho Kuisma anaanza kusambaza barua pamoja nami,
kwa hiyo nachagua.

Si za vidole vitano. Hizo ni za kanisani.
Kila kidole kikilala chumba chake
kila kidole hufa kivyake.
Nataka za kifuko: vinne godoro moja,
gumba upenuni.
Kidole kimoja hakivunji chawa,
wala hakijipashi moto.

Ya ndani ni sufu. Naiinua kwenye balbu,
natafuta mwanga unapopenya.
Palipopenya mwanga, upepo hauhitaji kuelekezwa.
Tatu nazirudisha pipani. Ya nne ina kiraka kiganjani,
uzi wa bluu, mshono wa mtu asiye na haraka.
Hiyo.

Juu yake ya pili, nene, iliyofumwa kwa ulegevu.
Juu yake gamba: turubai mgongoni, ngozi ya mbuzi kiganjani,
kubwa kuliko mkono wake kwa saizi mbili.
"Mama, hii ni ndoo."
Ndoo ndiyo niitakayo.
Kinachokupasha si sufu, ni hewa
iliyofungiwa baina ya sufu na sufu.
Ukiibana umeifukuza,
na ikifukuzwa hairudi mpaka Mei.
Kunja ngumi humo ndani. Umeweza? Basi.

Na ukihisi joto, vua safu moja kabla hujatoa jasho.
Usizikaushe juu ya jiko, ngozi itakuwa kigae.
Za ndani lala nazo tumboni.
Usinitazame hivyo. Sote tumelala nazo.

Babu yako Tauno alivua moja, kwa dakika moja,
afunge fundo kwenye mnyororo wa magogo.
Akaiweka juu ya theluji.
Upepo ukaichukua, ikavuka ziwa kama sungura.
Ndiyo maana nanunua na kamba, ipite shingoni,
ishuke mikono yote miwili,
kama ya mtoto wa chekechea,
ndiyo, hata mbele ya wasichana.
Ndiyo maana kidole chake cha shahada
kilibaki hospitali ya Rovaniemi.

Gamba hili lina chumba cha pembeni
kwa kidole hichohicho. Jeshi lilikitengea nafasi,
kifyatue bila kuvua.
Baba alivaa jozi kama hii miaka ishirini,
chumba kikining'inia kitupu,
kikiingia kwenye supu,
mpaka mama akakishona usiku mmoja
bila kusema neno.

Nakipindua. Ndani, kwa wino, kuna namba
na jina lililofutika, limebaki "-nen".
Nusu ya nchi huishia hivyo.
Kuruta wa mama fulani. Shabaha zake
naomba zilikuwa za karatasi.
Namlipa Urho. Anapima, anaondoa senti,
hasemi kwa nini.

Asubuhi, giza bado, kisanduku cha Saimi Ylitalo,
kifuniko cha bati kimeganda.
Naona Kuisma anaipeleka glavu mdomoni
aivue kwa meno, kisha anasita.
Kile kidole cha bunduki kinachomoza pembeni,
kinagonga, kinainua bati,
kinasukuma ndani bili ya umeme
na kadi moja kutoka Tampere.

"Kumbe kinafaa," anasema.
Simjibu. Namtazama mikononi,
nahesabu vidole nisivyoviona.