Nilishika Sifuri

Kazi yangu ilikuwa ndogo: kushika sifuri.
Bwana Nawej ndiye mwenye kofia, ramani na sauti.
Mimi niliinama, nikaibana ile ncha ya chuma
kwa kidole gumba, kama mtu anayeziba mtungi uliotoboka,
naye akatangulia na futikamba
ikimfuata, njano, ikiteleza juu ya changarawe.

Kiwanda ni kipya. Si lile bomba refu la zamani
linalochorwa kwenye kila kalenda ya Lubumbashi.
Hiki ni cha mabati ya buluu, nyuma ya barabara ya Likasi,
kinaosha mawe kwa asidi usiku na mchana,
na ukuta wake umegusana mgongo
na choo cha Mama Mwelwa.
Umegusana. Kuku hulala juu yake
mkia kiwandani, mdomo nyumbani.

Karatasi ya mji ilitaka, kati ya kiwanda na makazi,
mita mia mbili na hamsini, na miti.
Niliiona ramani. Mahali pa miti
palipakwa kijani, kijani cha sombe mbichi,
na ndani ya kijani hicho zilikaa
nyumba thelathini na moja
ambazo mchoraji hakuziona,
au aliziona, akachoka.

"Tunaanzia wapi, bwana?"
Nilidhani ukutani. Mtoto angedhani ukutani.
Akaonyesha kwa kidevu: ndani,
ng'ambo ya mizani ya malori, ng'ambo ya matangi,
hadi shina la dohani.
"Kiwanda ni pale moto unapowaka.
Kilichobaki ni uwanja."

Nikaenda pale moto unapowaka. Nikapiga goti.
Hamsini. Nikahamisha sifuri. Hamsini.
Macho yalinitoka machozi, nikasema ni vumbi.
Hamsini. Hamsini. Hamsini.
Tulipofika ukutani zilizidi mbili.
"Mbili za zawadi," akasema Bwana Nawej, akaandika,
na upande wa pili nikamsikia Kaseba,
mjukuu wa Mama Mwelwa, akikohoa
kikohozi kikavu, cha mtu mzima,
karibu kiasi kwamba ningeweza kumwambia pole
bila kupaza sauti.
Sikumwambia.

Neno halikai ndani ya ukuta. Nani alilivusha?
Sema ni kuku.
Alhamisi, lori la mawe lilipoingia,
Mama Mwelwa aliingia nyuma yake
na mbabula kichwani, makaa yamekwisha shika,
sufuria mkononi, unga kwenye kanga.
Akaketi chini ya tangi la tatu.
Akachochea. Akasonga bukari.

Mlinzi alizoea kufukuza wezi wa mawe;
hakufundishwa namna ya kufukuza chakula.
"Mama, hapa ni kiwandani."
"Kiwanda ni pale moto unapowaka," akajibu,
"na nyumba je? Nyumba inawaka wapi?
Mwite yule mwenye kamba. Apime tena.
Kutoka moto wake hadi moto wangu."

Wakaja wengine. Sikuhesabu hadi thelathini na moja,
wengine walikuwa sokoni, mmoja yuko Sendwe na mwanawe,
lakini moshi wa makaa ulipanda mwingi, mweupe,
ukakutana juu na ule wa manjano
na kwa muda mfupi
hakuna aliyejua upi ni wa nani.

Tuliitwa. Bwana Nawej alishika kofia mkononi.
Mimi nilichukua ncha yangu, nikatafuta pa kuiweka.
Mama Mwelwa akasogeza sufuria kidogo, kwa adabu,
kama anayempisha mgeni,
akaniambia, "Weka hapa, mwanangu. Angalia usiungue."

Mita kumi na nane.
Nilizisoma kwa sauti, mara mbili,
maana Bwana Nawej alikuwa bado
hajafungua daftari.