Saba Mara Nane

Daftari hili lilikuwa la korosho:
kilo, tarehe ya mnada, makato ya ushirika.
Siku hizi naandika damu yako.
Saa tisa usiku, mbili nukta nne.
Ukurasa ulilowa jasho,
tarakimu zimevimba kama maharage ya kulowekwa.

Somoe,
wewe usiku ule huna.
Asubuhi uliniambia, "Leo nimelala vizuri, mama,"
ukaulizia kiporo cha muhogo,
ukashangaa kanga yangu imeganda sukari kifuani.

Mimi ninao.
Ninao ukungu wa Newala ukipenya chini ya mlango,
shuka limeloa kama lililotoka kufuliwa,
meno yako yakibana kijiko cha bati
ambacho mpaka leo kina kovu.
Nikachovya kidole kwenye sukari,
nikakipitisha kwenye ufizi, ndani ya shavu,
kama nilivyokufuta ute ulipozaliwa.
Mfaume ameshika tochi ya simu, anahesabu kwa sauti,
wala hajui anahesabu nini.
Ulipofumbua macho nikauliza, "Huyu nani?"
Ukamtazama kaka yako wa tumbo moja.
"Mgeni," ukasema.
Akaishusha tochi pole pole,
akaumulika ukuta.

Kulipokucha, ubaoni,
Mwalimu Likonde alikuuliza saba mara nane.
Jumapili tuliiimba pamoja tukibangua korosho.
Jumatatu ulikuwa na saba, ulikuwa na nane,
daraja la katikati limechukuliwa na maji.
Darasa likacheka.
Fimbo moja tu, alisema mwalimu baadaye,
akilisoma daftari hili amesimama,
kisha ameketi.

Na jirani yangu, mama Nankoma:
"Sukari? Ugonjwa wa wanaume wenye vitambi!
Huyu kachezewa."
Sikumjibu. Nilikuwa naulowanisha mchanga
kwenye chungu ninamozika dawa yako isipigwe na joto.
Huku juu ndoo ya maji ina bei,
lakini mchanga ule haujawahi kulala na kiu.

Nilimuuliza Nesi Chitanda:
sukari ikishuka, inaondoka na kitu?
Na ikirudi, inakirudisha?
Alinyamaza kwanza. Nilimpenda kwa kule kunyamaza.
"Ubongo hauna ghala, mama. Unakula kinachopita.
Kikikatika, unazima taa, chumba kimoja kimoja.
Nyingi huwaka tena.
Kama ni zote, hilo nisikudanganye."

Basi nikawa mlinzi wa vyumba.
Kila sukari ikiyumba nagonga milango:
jina lako, jina la huyu, mto tunaouona tukisimama ukingoni,
saba mara nane.
Nawe unakasirika, mtoto wa miaka tisa,
unaniambia mimi si polisi.

Oktoba mashamba yote yananuka mabibo.
Utamu umelala chini bure, unaoza, nyuki wamelewa,
ardhi imeshiba mpaka imecheua.
Na mimi saa nane za usiku
napapasa rafuni natafuta kijiko kimoja.

Jana ilikuwa tatu nukta moja.
Ukanywa maji ya sukari mwenyewe, umekunja uso.
Jina lako?
"Somoe."
Huyu?
"Mfaume. Ananuka miguu."
Ule mto?
"Ruvuma."
Saba mara nane?

Kimya.
Nikasikia panya darini. Nikasikia moyo wangu.
Nikashika kona ya kitanda.

"Hamsini na sita," ukasema.
"Umeniuliza sasa hivi, mama. Hii ya tatu.
Na hujaandika."

Nikalitazama daftari.
Mstari ulikuwa mtupu kweli,
kalamu nimeichomeka kwenye nywele.
Ukaichomoa, ukanipa.

"Saa ngapi?" nikauliza.
Ukanitajia.