Kutia Chumvi

Mto wetu mdogo, Olszawa jina lake,
haumo kwenye ramani ya shule.
Unapita nyuma ya karakana ya matrekta,
nyuma ya kanisa, nyuma ya kila kitu,
kama mtu anayedaiwa.

Agosti ile samaki walipanda juu wote siku moja,
matumbo meupe yakitazama mawingu.
Dada yangu Bogna, miaka kumi na saba,
aliingia na buti za baba zilizomfika mapajani,
akawahesabu hadi mia sita na kumi na moja,
kisha akaacha. Samaki hawakuwa wamekwisha.
Jua ndilo lililokwisha.

Tangu hapo, kila Jumatatu kabla ya kengele,
alijaza chupa iliyokuwa ya matango ya siki,
akaibandika tarehe,
nami mdogo wake nikaibeba kifuani kama kifaranga
hadi dirisha la ofisi ya mji.
Chupa ya nne. Ya tisa. Ya kumi na tisa.
Mfagizi, Bibi Halszka, alizipangusa vumbi
bila kuagizwa na mtu.

Diwani Kurzeja akatutokea mlangoni, kikombe mkononi:
"Binti, unatia chumvi."
Bogna alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi.
"Chumvi, bwana, inatiwa na bomba la mgodi.
Mimi naipima tu."

Nyumbani hapakuwa na kicheko.
Baba ana miaka ishirini na miwili chini ya ardhi;
mkate wetu hutoka shimoni, na viatu vyangu,
na buti zile zile.
Mama alikusanya sahani bila kuzigonganisha.
Baba alisema mara moja tu:
"Mto haulipi kodi ya nyumba."
Bogna hakujibu. Aliinjika sufuria.

Usiku kucha aliuchemsha Olszawa jikoni.
Kioo cha dirisha kikatoka jasho.
Maji yakapungua, yakapungua,
hadi chini kukabaki kitu cheupe, kigumu,
king'ang'anizi kama ugomvi wa ndugu.
Akakikwangua kwa kijiko.
Mzee husemwa amekula chumvi nyingi.
Mto huu, niliwaza, ulikuwa kijana juzi tu,
umelishwa uzee kwa nguvu.

Desemba, sikukuu ya wachimbaji:
matarumbeta, kofia nyeusi zenye manyoya,
na mkurugenzi akishuka garini.
Kwetu mgeni hupokewa kwa mkate na chumvi,
na mwaka ule zamu ilimwangukia Bogna:
shanga nyekundu, sketi ya maua, sinia la mbao.
Mkurugenzi akamega, akachovya, akatafuna.
"Imekolea?" akauliza Bogna.
"Imekolea," akasema, akiitabasamia kamera.
"Ni ya Olszawa. Lita mbili tu za maji."

Sikuona kama alitema au alimeza.
Nilikuwa natazama upande wa wachimbaji,
manyoya safu kwa safu,
na katikati uso wa baba,
ambao haukuwa na kitu.

Kesho yake chupa ziliondolewa dirishani.
Bibi Halszka alituletea kumi na nane kwa toroli;
moja alibaki nayo, hakusema kwa nini.
Shuleni ikaja barua. Ya pili ikaja nyumbani.
Baba aliisoma akiwa amesimama
na siku mbili hakutuamkia.

Usiku wa tatu akaja mlangoni pa chumba chetu,
kofia ya kazi mkononi,
akasema, na haikuwa sauti ya kupatana:
"Unachota asubuhi. Umeshachelewa.
Bomba hufunguliwa saa nane usiku."
Akawasha taa ya kofia, akaizima, akaiwasha tena,
akaiweka juu ya vitabu vyake.
"Na uvae soksi mbili. Zile buti ni kubwa."