Majibu Yaliyovutwa

Jioni ya kumuaga Profesa Salme Hainsoo,
kule Tartu, ghorofa ya tatu, Februari,
mto Emajõgi umeganda hata bata wanauvuka kwa miguu,
mtu mmoja, divai imeshampanda,
akauliza: kitabu gani kilikufanya uwe ulivyo?

Wakajibu kwanza wasioulizwa.
Mzee wa sheria akataja kitabu kizito cha Kilatini
alichorithi kwa baba aliyekirithi kwa baba.
Mtaalamu wa nyota, atlasi ya anga, kurasa za samawati,
aliyolala nayo kifuani utoto mzima, kama paka.
Mwingine akataja kitabu ambacho, nina hakika, hajakimaliza.
Tukatikisa vichwa. Adabu ni adabu.

Salme akatia mkono katika mkoba wake wa sokoni,
chini ya vitunguu na miwani ya akiba,
akatoa kitu kilichofungwa kwa kamba ya katani:
hesabu za darasa la sita.
Jalada hakina, mgongo hakina,
na nyuma, baada ya ukurasa wa mia na arobaini,
meno tu ya karatasi.

"Majibu yalikuwa hapa," akasema.
"Babu Hindrek aliyavuta."

Ilikuwa baada ya vita. Tumbaku alipanda mwenyewe nyuma ya zizi,
karatasi ya kusokotea ndiyo ilikuwa taabu.
Gazeti lilimchoma koo kwa wino wake,
Biblia bibi aliizika ndani ya pipa la unga,
kikabaki cha mtoto.
Lakini muungwana yule mzee: maswali hakuyagusa.
Alianzia mwisho akaja mbele,
ukurasa mmoja sigara nne,
na kila jioni majibu yakapanda darini,
yakazunguka nyama iliyotundikwa,
yakatokea dohani yakaenda kwa Mjuzi wa yote.

"Kufika Pasaka sikuwa na wa kumuuliza.
Mwalimu alikuwa mbali, kilomita tisa za theluji.
Swali la sitini na moja:
mabomba mawili yanajaza tangi, la tatu linavuja.
Nilipata saa saba. Nikalala. Nikaamka na shaka.
Nikalifanya kwa njia nyingine. Saa saba.
Nikalichora. Nikatoboa ndoo ya maziwa kwa msumari,
nikakaa zizini nikihesabu matone.
Nikachapwa, naam, kwa ajili ya ndoo.
Ile saba haikutikisika."

Akakifunga tena, akakirudisha kwenye vitunguu,
akaomba aongezewe chai.

Mimi nilikuwa dirishani, uso unaniwaka.
Maana miaka ile nikiwa mwanafunzi wake
nilikitafuta kitabu hicho hicho, kizima,
nikakipata Viljandi kwa muuza vitabu vikuukuu,
nikamtumia kwa posta siku yake ya kuzaliwa,
nikijiona mjanja wa kutoa zawadi.
Wiki haijaisha nikakikuta kwenye sanduku langu la barua,
kurasa za nyuma zimeshonwa ukingo kwa ukingo,
uzi mweusi, mishono midogo midogo kama ya jeraha,
na kikaratasi:
"Asante. Sivuti sigara."

Sasa na mimi ninafundisha. Kitabu kiko kwenye rafu yangu,
kati ya kamusi na sufuria ya ua lililokufa.
Wanafunzi huuliza uzi ule ni wa nini.
Nawaambia ni ugonjwa wa kitabu.

Juzi, usiku, shaka zangu nyingine zimenichosha,
nilikata mishono mitatu
nikachungulia kama mwizi kwenye tundu la ufunguo.
Sitini na moja: saa sita unusu.

Nilikaa mezani hadi gari la kukwangua theluji lilipopita.
Kwa kalamu, kwa mchoro,
kwa ndoo isiyokuwepo ikidondoka gizani.
Saba. Saba. Saba.

Nikainuka kutafuta sindano.